Muuguzi Wako Amewabadilishia Marehemu Wetu Ugonjwa

Kwa Daktari Mkuu wa kituo chetu cha afya,

Pokea salamu zangu za heshima, ingawa nakuandikia nimefura. Mimi ni fundi cherehani, na katika ukoo wetu mimi ndiye mwandishi wa matangazo ya vifo. Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini bila mtu kunisahihisha, mpaka Jumatatu nilipokuja kwenu kutafuta dawa ya kiungulia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuguzi wako, yule wa miwani ya kamba, aliniuliza mama yangu alikufa na nini. Nikamjibu kama nilivyoandika: uchovu. Akauliza umri. Hamsini na miwili. Akachora kiduara kwenye karatasi, eti ndiye mama, akakipiga mstari na kuandika pembeni: moyo.

2. Hakutosheka. Dada yangu mkubwa nilimwandikia gesi. Naye akapigwa mstari. Mama mdogo, aliyelalamikia taya na mgongo wiki nzima huku akitupikia, nilimwandikia baridi. Mstari. Naondoka pale, wanawake wetu wote wamekufa kwa moyo!

3. Daktari, kwetu moyo ni ugonjwa wa wanaume. Baba aliposhika kifua mara moja tu, majirani walileta magari mawili, na mjomba akatoka na viatu visivyofanana. Kumbe mzee alikula kwa pupa. Mama aliposema mkono unamuuma na pumzi haitoshi, tulimwambia apumzike akishamaliza kufua. Akamaliza kufua. Sasa kama muuguzi wako anasema kweli, sisi tuliokuwa sebuleni tunaangalia televisheni ni watu gani? Swali hilo linaniuma, na sikulileta mimi.

4. Alinipima presha, akanitoa damu ya kupima sukari na mafuta, kisha akauliza kama presha ilinipanda nilipokuwa mjamzito. Mimba hiyo ina miaka ishirini na tisa na imeajiriwa! Eti na yeye nimlete apimwe mapema, kwa sababu ya bibi yake na mama yake mkubwa. Binti yangu ni mzima kabisa. Huko ni kumtafutia mtoto mkosi.

Kwa hiyo naomba karatasi ile ichanwe. Muuguzi ahamishiwe kitengo cha meno, maana jino halina shangazi. Ikishindikana, serikali itangaze rasmi kwamba wanawake hawana moyo, ili sisi waandishi wa matangazo tufanye kazi kwa amani.

Nisalimie wahudumu wote, mlinzi wa getini, na yule mama wa usafi aliyenipisha kwenye benchi.

Ni mimi, mwenye kinyongo na adabu zake,
Fundi wa magauni, nyuma ya soko

Nyongeza: Aliyekukabidhi barua hii ndiye binti yangu. Nimemwambia asiondoke bila jibu la maandishi. Mkalisheni, mpimeni kila alichosema muuguzi, na yule yule muuguzi ndiye ampime. Msimwambie nimeomba mimi, ni mbishi sana. Barua yenyewe mnaweza kuitupa.