Figo ya Kagendo Ilienda Harusi

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe.

Dada yangu Kagendo, mkulima wa viazi kule Kibirichia, alinipa figo yake moja. Kazi yangu ni kumeza dawa asubuhi na jioni, siku zote, ndio mwili usiikatae. Rahisi, sivyo? Wikendi nikaenda harusi Embu nikasahau dawa kwa kabati. Siku mbili nzima! (Nyama sikusahau.)

Jumatatu ilikuwa siku ya kupimwa damu. Huwa unatolewa damu kwanza, ndio umeze. Mimi, kabla ya kutolewa damu, nikajifungia choo cha hospitali nikameza dozi tatu kwa mpigo, nizibe pengo. Jamani, akili niliyo nayo!

Leo tumeenda kuchukua majibu, Kagendo kando yangu na nguo yake ya kanisa. Daktari akakunja uso.

"Dawa imejaa sana kwenye damu. Itabidi tupunguze."

"Na hakosi hata moja, daktari!" Kagendo akasema kwa maringo. "Huyu ni mwalimu wa nidhamu."

Daktari akashika kalamu. Nikinyamaza, napunguziwa dawa, figo inakufa. Nikisema, nakufa mimi. Niliogopa, siwafichi.

"Daktari, ngoja." Nikaropoka yote: harusi, kabati, choo.

Kagendo akanigeukia: "Figo yangu umeipeleka harusi Embu bila dawa?"

Daktari akaacha dozi ilivyokuwa, akaagiza nitolewe damu upya kisha nimeze ya leo. Yeye alinisamehe. Kagendo? Thubutu! Nilipomaliza kutolewa damu, alinisimamisha pale kwa foleni, chupa ya maji mkononi, mpaka nikameza.

"Fungua mdomo."

"Dada, watu wanaona..."

"Fungua! Inua ulimi!"

Nikainua. (Nina miaka arobaini na mbili.)

Sasa sikilizeni. Mimi ndiye hufungulisha wanafunzi midomo getini kila asubuhi, nikitafuta majani ya muguka, yale ya kulevya, wanayotafuna. Na kwenye benchi ya mbele ameketi nani? Mama Mwenda, ambaye mtoto wake nilimtuma nyumbani juzi kwa kosa hilo hilo. Ameinama aone vizuri.

"Dada, angalia na mashavu," akamwambia Kagendo kwa upole. "Mwalimu mwenyewe alinifunza, huwa wanaficha huko."

Mwenda anarudi shule kesho. Hata barua ya mzazi sitaki.