Ombi la Kufunika Mlima hadi Saa Nne

Nyeri, Jumapili, kabla ya kanisa

Mwalimu Mkuu Theuri,

Pokea salamu za mzee ambaye bado anakuheshimu.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mtoto asiyetulia darasani hana umakini. Anao. Kinachomshinda ni kuuelekeza, na kuushikilia pale anapoambiwa.

Umeniandikia kwamba mjukuu wangu Anita, wa Gredi ya Tano, asipoacha kutazama nje kufikia Ijumaa, nimtafutie shule nyingine. Daktari alishatueleza kwamba Anita ana ADHD, yaani ubongo unaopata shida kuelekeza umakini na kutulia, na hali hiyo haiondoki kwa barua. Kwa kuwa Anita hawezi kubadilishiwa ubongo kufikia Ijumaa, naomba kwa unyenyekevu tubadilishe yafuatayo.

1. Mlima. Dirisha la Anita linatazama Mlima Kenya, na mlima huu huwa wazi asubuhi hadi mawingu yaje, karibu saa nne. Ubongo wa wengi wetu una soja langoni. Akiona mlima ni ule wa jana, anaufungia nje. Soja wa Anita ni mkarimu, anaukaribisha ndani pamoja na kila ndege anayepita mbele yake. Naomba kaunti iufunike kwa turubai siku za shule, hadi saa nne. Baada ya hapo mawingu yataendelea na kazi yao kama kawaida.

2. Ng'ombe wa Muchiri, jirani wa shule. Aandikiwe barua asilie wakati wa hesabu. Nakala apewe Muchiri.

3. Miguu. Mwalimu Ngendo anasema Anita hutikisa mguu na kusimama ovyo. Nilifundisha sayansi miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo nivumilie kidogo. Somo likichosha, ubongo wa namna hii hufifia kama taa ya sola msimu wa mawingu. Watafiti wanahusisha jambo hilo na dopamini na noradrenalini, kemikali zinazousaidia ubongo kukaa macho na kuchagua la kushughulikia. Mtoto anayetikisa mguu mara nyingi anajiamsha. Ukimkataza atatulia, naam, atalala macho wazi. Lakini kwa vile shule inapenda utulivu, naomba miguu yote, ya walimu ikiwemo, iachwe kwa soja wa shule kila asubuhi.

4. Redio yangu. Jana Anita aliifungua, ilikuwa imekufa tangu Krismasi, akaikazia macho kutoka chai ya asubuhi hadi mchana bila kusikia akiitwa kula. Sasa inashika stesheni zote isipokuwa ile niipendayo. Kwa kuwa jambo hili linaharibu maelezo ya shule kwamba hawezi kutulia, naomba liondolewe kwenye kumbukumbu.

5. Wewe mwenyewe. Alhamisi nilipokuja ofisini kueleza haya, ulitazama simu mara tisa. Sikukutafutia shule nyingine.

Msalimie Mwalimu Ngendo, mpishi, soja, na ng'ombe ukimwona.

Ni mimi, ambaye bado nina subira,
Gikonyo, mwalimu mstaafu

Tanbihi: Nilipomaliza nambari ya tano nilitoka uani kukadiria ukubwa wa turubai. Mlima ulikuwa wazi kabisa, nami nikasimama pale sijui muda gani. Aliyeniamsha ni Anita: "Guka, githeri yako inaungua. Na kalamu umeweka kwa chai." Alikuwa mezani kwangu akifanya hesabu zako, ameupa mlima mgongo, amesimama, mguu ukicheza. Zote kumi na mbili alikuwa amemaliza, na bado ni yeye aliyenusa moshi. Kwa hiyo futa yote niliyoomba. Mlima uache ulivyo, mimi mwenyewe nauhitaji. Kesho Jumatatu, kabla ya kipindi cha kwanza, hamishia dawati la Anita mbele, mgongo kwa dirisha, na umwache asimame.