Pigo Moja la Ngoma Kubwa

Jumanne, 5 Juni 1979
Bi Teresa, kiongozi wa okestra yetu ya simfoni, amegawa nota za tamasha la Jumamosi. Ngoma kubwa: pigo moja. Moja! Mimi, karani wa mizani ya miwa, nisimame dakika arobaini kama mlingoti, nipige mara moja, niketi! Phineas na fidla yake wamepewa kurasa tatu peke yao. Nikalalamika. Bi Teresa akasema mtunzi ndiye aliyeandika hivyo. Mtunzi alikufa zamani. Angejuaje uwezo wangu?

Jumatano, 6 Juni
Nimeomba mapigo kumi. Amekataa. Nikashuka hadi manne. Amekataa. Phineas akacheka mpaka akaangusha upinde wa fidla yake. Cheka tu, bwana.

Alhamisi, 7 Juni
Nimepata! Ukumbi wetu hapa Mumias ulikuwa kiwanda cha sukari guru. Mashine zimeondolewa, lakini king'ora kingali ukutani, hatua mbili kutoka ngoma yangu. Phineas akishafumba macho kwa madaha yake, nitabonyeza swichi. Mlio mmoja tu, mfupi, safi. Nimemweleza mke wangu, Namalwa. Akaniuliza, "Baba Dinah, umeuliza mtu?" Wivu umeingia hata nyumbani kwangu!

Jumamosi, 9 Juni
Ukumbi ulijaa wakulima wa miwa na suti zao mpya, hata wazee wa msikitini. Phineas akafumba macho. Nikabonyeza. King'ora kikalia. Kikakataa kunyamaza!

Kumbe zamani ndicho kilichotangaza moto mashambani. Nani angeniambia? Mtu akapiga kelele, "Miwa inaungua!" Wote wakatoka mbio, kila mmoja kwenye shamba lake. Ukumbi mtupu! Phineas bado anapiga, macho kafumba.

Bi Teresa akanijia polepole. "Miezi minane ya mazoezi, Bwana Makhanu. Nipe hicho kirungu." Nikamkumbusha kwamba pigo langu bado. Macho yake yalikuwa mekundu. Vumbi la ukumbi ule ni baya sana.

Jumatatu, 11 Juni
Nimefukuzwa. Kwa barua! Hakuna shamba hata moja lililoungua, lakini lawama zote kwangu! Phineas na kurasa zake tatu hajawahi kumwinua mtu kitini. Mimi nimewainua mia mbili kwa kidole kimoja.

Nasikia mpiga tarumbeta wa okestra amehamia Lumakanda. Nitaomba nafasi yake kwa jina la shemeji yangu. Tarumbeta sijawahi kuishika, lakini masharubu nimeshaanza kufuga.