Nyimbo Zetu Zirudishwe Zilikopotelea

Komini ya Kenya, jijini Lubumbashi
Tarehe 9 Juni

Kwa Madame Séphora, msimamizi wa atelie ya kutengeneza ordinatere (kompyuta), Bel-Air

Madame,

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa katibu wa kwaya ya parokia yetu kwa mwaka wa kumi na nne, ili kumshitaki fundi wako Hénoc. Kosa lake ni hili: tulimpa kazi, akaifanya.

Usije ukadhani nimechanganyikiwa, nitaeleza tangu mwanzo.

Kwaya yetu ilikuwa inarekodi kila misa kubwa. Nyimbo zilikaa ndani ya sanduku jeusi lenye disiki nne, lile mnaloliita RAID. Tulielezwa kwamba disiki hizo zinagawana kazi: moja ikifa, tatu zilizobaki zinajua ilikuwa imebeba nini, na nyimbo zinaendelea kusikika. Zikifa mbili, basi. Mwaka juzi taa nyekundu iliwaka kwenye disiki ya tatu. Kwa kuwa nyimbo bado zilisikika, na kwa kuwa taa ile ilimsumbua mama mmoja wa sauti ya kwanza, tuliifunika kwa kitambaa. Mwezi wa kumi mwaka jana umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, na disiki ya kwanza nayo ikanyamaza. Papa André, mwalimu wetu wa kwaya, akazitoa zote nne, akazipangusa vumbi, akazirudisha kwa jinsi alivyoona inapendeza. Ndivyo zilivyotoweka nyimbo mia mbili na kumi na tatu.

Tulilia, Madame. Halafu mambo yakaanza kutuendea vizuri.

Watu walikuja kutupa pole. Kila aliyetupa pole alisimulia uzuri wa nyimbo zile, na kila aliyesimulia aliongeza kidogo. Waumini waliokuwa na desturi ya kutoka nje kupunga hewa tukianza kuimba, sasa waliapa kwamba wimbo wetu wa Pasaka uliwahi kuwaponya malaria. Kwaya ya parokia jirani, ambayo imetushinda kila mwaka, ilituletea kombe yenyewe, ikisema haiwezi kushindana na kitu kilichopotea. Mwezi wa pili tulialikwa mpaka Mokambo. Wenyeji waliona si utu kutuomba tuimbe na kidonda bado kibichi, wakaomba tusimame tu mbele ya altare. Tulisimama dakika tatu, tumevaa sare zetu, bila kufungua kinywa. Kanisa zima lililia. Hatujawahi kupigiwa makofi kama siku ile.

Ni kweli sanduku tulimpelekea Hénoc sisi wenyewe, maana ingeonekana vibaya tusipojaribu. Lakini tulitegemea fundi wa kawaida, wa kuwasha, kutikisa kichwa na kuturudishia mzigo wetu.

Lalamiko la kwanza: hakuwasha. Alisema kuliwasha tena sanduku kungezimaliza disiki zilizokwisha kuchoka. Akazitoa, akaziandika namba, akanakili kila moja iliyoweza kusomeka, na kazi yote akaifanya juu ya nakala. Akagundua kwamba ile ya kwanza haikufa kamwe. Kilichoungua ni kadi yake ndogo ya umeme, akaitengeneza. Ile ya tatu, iliyokufa kwelikweli, alisema haihitaji, nyingine tatu zinatosha. Miezi saba hakuchoka, wala hakutuuliza kama sisi tumechoka.

Lalamiko la pili Papa André ameniomba nilifute, kwa kuwa linahusu vumbi.

La tatu. Hénoc hakujua disiki zilikuwa zimefuatana vipi, kwa hiyo alijaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine. Siku moja aliniita nisikilize. Kilitoka kipande cha Pasaka, kisha sekunde mbili za matanga, kisha Noeli, kisha mtu anafunga mlango. Nilimwambia tumefika, hiyo ndiyo kwaya yetu, tena katika hali yake bora. Akakataa. Akaendelea mpaka kila kipande kikakaa mahali pake, kisha akanipigia simu kwa furaha: "Papa Symphorien, byote biko. Hata wimbo moya haikupotea."

La nne ndilo zito. Jumapili iliyopita Padri, kwa nia njema, alizifungulia nyimbo hizo kanisani baada ya misa, kwa spika mbili kubwa. Watu kama mia tatu walibaki kusikiliza. Madame, tunaimba vibaya. Sauti ya nne inaanza kabla ya wenzake na kumaliza baada yao. Mama Brigitte, anayeimba peke yake kwenye beti, alijisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu yule mama ni nani. Ilipofika wimbo wa tano walikuwa wamebaki watu sabini na wawili, nusu yao ndugu zetu. Jumatatu asubuhi parokia jirani ilituma mtu kufuata kombe.

Kwa sababu hizo tunaomba disiki zirudishwe katika kifo chao, kwa uangalifu uleule uliotumika kuzifufua. Kama sheria za kazi yenu zinakataa, zipangwe walau kama zilivyokuwa siku ile ya mlango. Tunaomba pia Hénoc aje asimame mbele ya waumini, aseme amekosea sanduku, na kwamba sauti zile ni za kwaya nyingine ya mbali. Mwisho, kwa kuwa ameonyesha kwamba anaweza kufikia kitu kilichofichika popote, aje na vyombo vyake awaondolee wale sabini na wawili walichosikia. Majina yao nimeyaambatanisha, pamoja na saa ambazo kila mmoja anapatikana nyumbani.

Hatuna chuki na kijana wako. Ni mpole, na mikono yake ni safi. Wasalimie wafanyakazi wote wa atelie, na mama yako mzazi, ambaye tumesikia jicho lake linaendelea vizuri.

Kwa unyenyekevu na kwa majonzi,

Symphorien Kabulo
Katibu wa kwaya

P.S. Kabla ya kufunga bahasha nilifungua wimbo wa themanini na nane, ili nikutajie mfano. Mwanzoni, kabla hatujaimba, anasikika Papa Godefroid, mpiga ngoma wetu, ambaye tulimzika miaka minne iliyopita. Anasema: "Tuanze tena, bandugu. Ile ya kwanza haikukuwa muzuri." Halafu tunacheka wote. Nilimwita mjane wake, Mama Mujinga. Amekaa hapa tangu saa nane, amekwisha kuusikia mara kumi na moja, na wanakwaya wengine wamejaa mlangoni. Tafadhali Hénoc asiguse kitu. Atutengenezee nakala mbili, na moja ikae kwa Mama Mujinga. Kuimba kwetu ni kulekule. Mama Mujinga ameomba tuongeze sauti.