Trauti wa Pipani na Nzi Sita

Jumatatu, tarehe 8 Agosti
Tonge ameninyang'anya kalamu sasa hivi, akaitia puani, akapiga chafya mpaka kofia ikamdondoka. Ana miaka mitatu. Nimemfuta kamasi, nimembusu, kalamu nimeisuuza. Naandika.

Habari kubwa! Mzee Sindano, anayefunga nzi bandia kwenye kambi ya wavuvi wa trauti, wale samaki wa mito ya baridi, macho yamemchoka. Anatafuta wa kurithi meza yake. Nzi bandia ni ndoano ndogo iliyovikwa uzi na manyoya, samaki aidhanie mdudu. Kazi ya kukaa, mtoto miguuni! Anayetaka apeleke nzi sita Jumapili, Mzee azijaribu mwenyewe mtoni.

Mama mkwe amesema nikiikosa, wiki ijayo niende mjini kufua mashuka hotelini, Tonge abaki kwake. Amesema kwa upole. Upole ndio ulioniumiza. Baba Tonge yuko machimboni, barua yake ya mwisho ilikuja wakati wa mvua. Kwa hiyo ni mimi na nzi sita.

Wifi naye anaitaka. Ana cherehani, ana vidole vyembamba, ana mdomo. Ameniuliza kama nitafunga nzi zangu kwa mwiko.

Jumanne, tarehe 9
Nimenyonyoa mkia wa jogoo wa mama mkwe. Manyoya mekundu, yanang'aa kama taa! Jogoo hakuridhia. Mama mkwe akauliza nani kamvua jogoo nguo. Nikasema labda ni joto.

Nzi tano tayari. Nimeziweka zielee kwenye beseni la maji, nikazitazama kwa juu. Wafalme! Manyoya yakaisha. Ya sita nimeifunga kwa nywele za Tonge zilizobaki kwenye kitana. Nyeusi, nyonge, kama uchafu wa mfukoni. Aibu tupu.

Alhamisi, tarehe 11
Wazo! Mfereji wa mashamba umefungwa usafishwe. Kwenye dimbwi lililobaki nikamkuta trauti, mkubwa kama kiatu cha askari. Nimemzoa kwa shali, nimemtia kwenye pipa chini ya bomba la chemchemi, maji baridi yanapita. Ashinde na njaa mpaka Jumapili, nimwachie mahali Mzee atakapovulia. Mwenye njaa hachagui!

Nimemwapisha Tonge asiseme. Hasemi. Mtoto ana siri kama kaburi.

Jumamosi, tarehe 13
Trauti amenenepa. Nimesimama pale, sielewi. Mara Tonge akaja na mkate wake wa chai, akamega, akatupa pipani. Samaki akapanda kama mgeni aliyezoea meza. Nikauliza tangu lini. Akasema kila siku, kwa sababu samaki hana mama.

Nilitaka kumgombeza. Nikakaa chini nikampakata. Nikalia kidogo. Sijui hoteli ina vitanda vingapi.

Jumapili, tarehe 14
Mto angavu, kokoto zote unaziona. Nilimwachia trauti mapema. Mzee Sindano akapiga magoti majini, akarusha mshipi. Nzi za wifi: trauti mmoja. Wifi akanipa pole kabla sijafiwa.

Zangu sasa. Nyekundu ya kwanza, samaki mbio. Ya pili, mbio zaidi. Ya tano, hata vyura wakahama. Trauti wangu yeye alikuwa ukingoni mbele ya Tonge, mdomo wazi, anangoja mkate. Wifi akauliza kama yule ni wa ukoo wetu.

Ikabaki ya nywele. Nikamwomba Mzee aiache, imeharibika. Akaifunga mshipini. Ikatua kimya. Maji yakafunguka, mshipi ukakaza. Trauti wa mtoni hasa, madoa ubavuni!

Mzee akasema samaki hutazama kutoka chini, anachoona ni kivuli kidogo, si mapambo. Akasema maji yakiwa angavu hivi, samaki anaona mpaka nia ya mtu. Niache mbwembwe, niache hila. Nimeyashika yote, neno kwa neno.

Ametuchukua sote wawili kwa mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi atabaki mmoja. Mama mkwe akasema basi, mashuka yangoje.

Jumatatu, tarehe 15
Siku ya kwanza kibandani. Meza moja, viti viwili, dirisha moja. Mbali na dirisha huoni uzi. Na atabaki mmoja tu!

Nimefika kabla ya wifi. Nimewaza kwa utulivu, kama mtu mzima. Atakimbilia kiti cha dirishani, namjua. Nimekipaka vanishi ile ya kugandishia vichwa vya nzi, mara mbili. Gauni likinasa atarudi nyumbani kubadili, nami nitakuwa nimemtangulia kwa nzi kumi. Si ubaya. Ni kumpunguzia mwendo. Samaki hawamo humu, nani ataona nia?

Naandika nikiwa mlangoni, nachungulia njia. Huyo anakuja! Lakini Tonge ananiita kutoka ndani. Anasema amepata kiti kizuri, cha dirishani, ila suruali yake imekataa kuondoka naye.