Mbuzi wa Kusafisha Jina Langu

Jumamosi, tarehe 1 Juni

Leo jina langu limekufa. Limekufa kwenye salongo, mbele ya mtaa mzima, nikiwa na chepe mkononi na matope hadi magotini. Tulikuwa tunazibua mtaro wa barabara ya Mubi, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi. Magloire, mwenzangu wa kazi, akapanda juu ya lundo la udongo, akatangaza kwamba furushi zima la makayabo halionekani katika depo ya Mama Kaswera. "Archange njo mwizi! Nani mwingine iko na funguo?"

Mwongo! Sijagusa hata mkia wa samaki wale wa chumvi. Magloire ndiye anayepokea mizigo ndege zikitua kule Kilambo. Mimi nafungua depo, nafunga depo. Basi.

Mama Kaswera, tajiri wetu, hakunifukuza. Alinyoosha mkono tu, akasema nimpe funguo mpaka mambo yaeleweke. Megafoni ya kuitia wateja aliisahau kwangu. Kosa lake.

Lililo baya zaidi, Papa Apollinaire alikuwepo, ndani ya lile koti lake la mvua la kijani asilolivua hata jua likiwaka. Ni katekista. Ni baba yake Virginie. Nilikuwa karibu kupeleka wazee kwake kuposa! Akanitazama, akalitazama chepe langu, akasema polepole kwamba kwao Masisi hawampi mwizi binti. Nilitaka kulia. Nililia kidogo, nyuma ya choo.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimekwenda kwa Mama Hélène, yule wa ofisi ya msaada wa sheria karibu na parokia. Mtulivu, anakusikiliza bila kupepesa macho. Akasema nina kesi. Kesi! Akaitaja kwa Kifaransa: imputations dommageables. Nimelirudia neno hilo njia nzima. Hata mbuzi walinipisha.

Alieleza kwamba mtu akikubandika mbele ya watu tendo la kukuharibia jina, tena kwa nia mbaya, unaweza kumpeleka mahakama ya amani na kudai fidia, mradi upate watu waliosikia kwa masikio yao. Mama Kaswera akinifukuza bila kunisikiliza, kuna inspekta wa kazi. Lakini yeye angependa kwanza Magloire aombwe kufuta maneno yake palepale alipoyasemea, alete na mbuzi, watu wamle, yaishe. Nikamwuliza mbuzi wa ukubwa gani. Akafungua faili la mtu mwingine.

Yaishe? Aibu yangu yote iishie kwenye mchuzi? Nataka mahakama. Jina lake tu silipendi. Mimi sitafuti amani.

Mwishoni aliongeza kwamba na mimi nichunge mdomo, mdomo huponza kichwa. Hapo sikusikia vizuri. Nilikuwa nawaza suti ya kuvaa siku ya kesi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mashahidi! Jumamosi mtaa mzima ulisikia, leo wote ni viziwi. Mmoja alikuwa anakohoa. Mwingine alikuwa ameinama. Gisubizo, jirani yangu mwenye pikipiki, alisema kumbukumbu yake hufunguka akishiba.

Nikaona mbali. Nikawaalika wote kwangu chakula cha mchana. Shahidi hapewi maharagwe. Nikanunua sokoni, kwa pesa yangu mwenyewe, makayabo manene ya kupikwa na sombe, yale majani ya muhogo, na kuliwa na ugali wa fufu. Nikayaloweka uani tangu asubuhi ili chumvi itoke.

Harufu ikatoka pia. Ikaingia kwa jirani, ikavuka barabara, ikafika kanisani. Kufika saa sita, watu wamejaa kwenye ua wakichungulia sufuria. Gisubizo alirudia sahani, akalamba vidole, kisha akasema sasa anakumbuka vizuri kabisa: Magloire aliniita mwizi, na yeye anaanza kuona Magloire alikuwa na haki. "Kaka, hii samaki uliitosha wapi?" Yaani niliitoa wapi!

Papa Apollinaire alikuwa anapita njiani. Koti la kijani likasimama. Likanusa. Likaendelea na safari.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Sheria inatembea kwa miguu. Megafoni inaruka. Leo siku ya soko nimepanda juu ya lori bovu, nimetangaza tangu watu wanapanga bidhaa mpaka wanafunga, kwamba Magloire mwenyewe ndiye aliyeiba furushi, kwamba ameliuza Ndjingala, na aliyembebea ni shemeji yake. Hayo ya shemeji yalinijia hapohapo. Watu walipiga makofi! Mama mmoja aliniuliza bei ya sabuni, ameizoea megafoni.

Virginie alinivuta suruali kutoka chini, akaniomba nishuke. Akasema baba yake ni mtu wa kimya na anapenda watu wa kimya. Nikamjibu kwa megafoni kwamba nampenda sana. Akakimbia akificha uso. Haya za wasichana.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Furushi limeonekana! Siku ile ndege zilitua Kilambo zikifuatana, mvua inanyesha, wabebaji wakalipakia pamoja na mizigo ya mfanyabiashara mwingine. Yeye akafunga depo yake, akasafiri Butembo. Amerudi, amefungua, amelikuta, na jina la Mama Kaswera limeandikwa juu kwa rangi nyekundu.

Nikakimbia kwa Mama Hélène kuulizia fidia yangu. Akaniuliza kitu kimoja: kama furushi halikuibwa, Magloire aliliiba saa ngapi?

Sikuelewa haraka. Akanieleza tena. Magloire alidhani vibaya, na asubuhi hii amekwisha kusema yuko tayari kufuta maneno yake. Mimi nimebuni shemeji. Mbele ya soko zima. Na mashahidi wa Magloire hawahitaji kulishwa samaki. Imputations dommageables! Neno lilelile, ila leo halikuwa na utamu wowote mdomoni.

Jioni Mama Kaswera alituketisha juu ya mifuko ya mchele. Akasema kila mmoja wetu ana haki ya kumshitaki mwenzake, wala hatuzuii, lakini yeye anatafuta wafanyakazi. Kesho kila mtu atafuta maneno yake kwenye salongo, na mbuzi ataletwa na yule aliyepiga kelele zaidi. Hakutaja jina. Magloire akaangalia dari kwa adabu.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Magloire alisema maneno mafupi: alikosea, Archange hakuiba, anaomba radhi. Watu wakamshangilia. Mimi niliandaa hotuba ndefu, lakini nilipofika kwenye mateso yangu Mama Kaswera akakohoa. Nikafuta yote. Na shemeji nikamfuta. Kumbe Magloire hana mke wala dada.

Funguo nimerudishiwa. Jina limefufuka, linachechemea kidogo.

Mbuzi aliliwa uani kwangu. Paja moja nililitenga jikoni ndani ya majani ya ndizi, nimpe Papa Apollinaire kwa mkono wangu, mbele ya watu. Katika ukoo wao baba wa binti akipokea paja, mlango wa posa umefunguka. Virginie alikuwa jikoni na akina mama, akaniambia nitulie tu, nisiseme neno. Nikatoka kuwaeleza wageni kesi yangu tangu mwanzo. Kurudi jikoni, paja hakuna! Na Papa Apollinaire amekwisha kwenda. Ameondoka mikono mitupu, maskini, na uchumba wangu umeondoka naye. Roho iliniuma kuliko siku ile ya chepe.

Virginie alitaka kunieleza kitu, anacheka peke yake. Nikamwambia asubiri. Kwanza mwizi.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Uchunguzi umekamilika. Gisubizo alimwona mtu akitokea mlango wa nyuma, amekumbatia kitu cha majani ya ndizi chini ya koti la mvua la kijani. Ushahidi wa macho! Magloire hana koti la kijani. Basi aliazima. Ujanja wa hali ya juu.

Virginie amepiga simu wiki nzima, sikupokea. Mtu mwenye kesi havurugwi. Leo ametuma ujumbe kwamba baba yake ana furaha, na kesho kwenye salongo anataka kuzungumza na mimi, nikiweza kukaa kimya. Vizuri sana. Atakuwepo, atasikia kwa masikio yake.

Safari hii sitataja jina la mtu. Mama Hélène angenisifu, nimejifunza sheria. Nitaita tu, kwa sauti kubwa, mwizi ni yule mwenye koti la kijani, mshikeni, msimwache mpaka aseme paja liko wapi.

Megafoni nimeitia betri mpya.