Ziwa Jipya la Leander Honorio

Jumatatu, 11 Machi

Haki imekufa kijijini. Toshao Verlin, mkuu wetu, ambaye pia ni shangazi yangu, ametangaza kwamba Jumamosi atateua kiongozi wa safari za wageni wavuvi. Watu wote wakamgeukia binamu yangu Dorwin. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake! Walinitazama kama dirisha.

Dorwin ana nini? Anakaa kimya kwenye boti, ananyoosha kidole, na arapaima, yule samaki wetu mkubwa, anaibuka papo hapo kuvuta pumzi. Bahati tu. Na kazi yenyewe siielewi. Wageni wanavuka bahari kuja kwenye mto wetu wa Essequibo, wanamvua samaki mzito kuliko wao, wanapiga picha, wanamwachia. Nilimuuliza Dorwin kwa nini. Akasema, "Ndiyo maana bado wapo." Wageni au samaki? Hakufafanua.

Mpango: nitafute ziwa ambalo Dorwin halijui.

Jumanne, 12 Machi

Nimemweleza mke wangu, Idalene. Akasema mume wangu, wewe hata choo kipya kilikupotea. Uongo! Choo kilihamishwa bila taarifa.

Mkutano jioni. Toshao amekumbusha kwamba bwawa la nyuma ya shule limefungwa mpaka mvua zije, samaki wapumzike. Atakayetupa ndoano humo atajibu mbele ya kijiji. Nimeunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote. Sheria ni sheria.

Amefika mgeni, Bwana Halvard, daktari wa meno mstaafu kutoka Norwe. Amepangiwa Dorwin, kesho jua likichomoza. Nimemnong'oneza kwamba saa imebadilika: tunaondoka kabla ya jua, na kiongozi ni mimi. Amefurahi. Mzee mwepesi kufurahi.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya ajabu. Sijui nianzie wapi.

Ukungu mzito. Tuliingia kijito cha kwanza, nikapinda kushoto, kisha kushoto, kisha kushoto tena. Bwana Halvard akauliza kwa upole kama hatuzunguki. Nikamwambia mto mkubwa hauendewi moja kwa moja.

Ghafla, ziwa! Maji meusi, kimya, halijakanyagwa na binadamu. Jogoo akawika. Nikaeleza kwamba kuna ndege wa porini anayeiga jogoo. Kengele ikalia. Hapo sikuhitaji hata kudanganya: ndege anayelia kama kengele tunaye kweli. Kisha sauti nyingi zikaanza kuimba: mbili mara mbili nne, mbili mara tatu sita. Kasuku, nikasema. Wenye akili sana.

Arapaima akashika! Akaruka, mwekundu mkiani, mrefu kama mtumbwi. Mzee akapigana naye huku akicheka na kulia. Tulipomvuta kando ya boti nikapiga picha. Nyingine mimi nikiwa mbele. Nyingine na kofia. Bwana Halvard akasema inatosha, samaki amechoka. Nikamwomba moja tu, bila kofia.

Samaki akalegea. Akaanza kuzama kwa ubavu, mdomo wazi.

Hapo sauti ikatoka ukingoni: "Leander! Unafanya nini kwenye bwawa lililofungwa?" Shangazi Verlin, na beseni lake la nguo! Nikachanganyikiwa. Amefikaje kwenye ziwa lisilojulikana, tena na sabuni?

Dorwin akatokea mbio, akajitosa na nguo zake, akamkumbatia samaki tumboni. "Shika mkia, ndugu yangu, na ufunge mdomo." Nikashuka, nikashika. Tukamwinua kichwa kipate hewa. Hakuna kitu. Nilimwomba samaki yule msamaha kwa Kimakushi chetu, kwa Kiingereza, na kwa maneno ambayo sijui yalitoka wapi. Dorwin hakumwachia hata mara moja. Nilisahau kumchukia.

Mwisho samaki akavuta pumzi, kwa kishindo kama babu anayekohoa. Akanichapa mkia kifuani, akaenda zake.

Alhamisi, 14 Machi

Nimejibu mbele ya kijiji. Kifua bado kinauma. Bwana Halvard alinitetea. Alisema tangu mkewe afariki hajawahi kucheka vile. Kisha Shangazi akaniuliza, mwanangu, ulidhani uko wapi? Nikajibu ukweli: kwenye ziwa jipya. Wakacheka mpaka benchi likavunjika. Sioni kichekesho.

Hukumu: nitalinda bwawa lililofungwa mpaka mvua. Bwawa! Mimi, mgunduzi!

Jumamosi, 16 Machi

Ameteuliwa Dorwin. Nilipiga makofi kidogo, kwa adabu. Bwana Halvard ameondoka, kaniachia kofia yake. Idalene ameniletea farini ya muhogo na samaki wa kuchoma hapa ninapolinda, akakaa nami hadi nikamaliza. Akaniomba nitazame vizuri mahali hapa. Nimemwahidi nitatazama.

Jumatatu, 18 Machi

Nimetazama. Nimechanganyikiwa zaidi. Mti ulioanguka ni kama ule wa kwenye ziwa langu. Ukingo ni uleule. Hata kasuku wa hesabu wapo, leo wamefika tano mara mbili.

Nimewaza mchana kutwa, na nimepata jibu. Mapacha! Maumbile yameumba maziwa mawili yanayofanana, na lile jingine ni langu. Nimeshazungumza na mgeni mpya, mama mmoja wa Uskoti. Kesho alfajiri nampeleka.

Nani atalinda bwawa? Nimemwomba Dorwin. Amenitazama sana, akakubali bila hata kubishana. Maskini, hajui ninakokwenda! Ila nilipokuwa naondoka alisema, "Haya, tutaonana huko." Huko wapi? Binamu yangu huyu naye anachanganyikiwa.